Mnyama Mpana Kama Mlango wa Kanisa

Rosamel Quinchén alikuwa mtu wa maneno, na pale Aucalén, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya baridi, watu walilijua hilo kabla hawajalijua jina lake. Akishuka baharini kuchuma loko, wale konokono wakubwa wa miambani wenye nyama nene, hupanda na kikapu kimoja cha loko na vikapu vitatu vya hadithi. Watu walimpenda. Walimcheka, wakampisha karibu na jiko la kuni, wakampa kibuyu cha yerba ya moto, chai ya majani machungu, ili aendelee. Lakini kupendwa ni jambo moja na kuaminiwa ni jambo jingine, na mzamiaji haishi kwa kupendwa.

Mzamiaji hushuka peke yake. Wenzake hubaki mashuani na kompresa, pampu ya hewa inayonguruma. Mmoja ameshika mpira unaompelekea hewa, mwingine ameshika usukani, na hakuna hata mmoja anayeona kilichoko chini. Macho yao wote ni ulimi wa yule aliyeshuka. Mtu huyo akiwa mwongo, mashua nzima ni kipofu.

Sasa miaka mitatu nyuma, siku ya mwisho kabla chama cha wavuvi hakijaufunga Mwamba wa Kati ili loko wapumzike na kukua, Rosamel alimwona mnyama. Alirudi pwani akiwa amepauka kwa hofu, na usiku ule kwenye mlo wa chama alisimama juu ya benchi akasimulia. Mnyama hana kichwa! Ana mikono, na mikono inazaa mikono, na ile iliyozaliwa inazaa mingine, mpaka ncha zinakuwa nyembamba kama nywele za mtoto! Mpana kama mlango wa kanisa! Na alinishika mguu, jamani, alinishika hapa!

Tangu siku ile hakuitwa tena Rosamel. Aliitwa Mlango. "Mlango, umeamkaje?" "Mlango, hebu jifunge, baridi inaingia."

Hayo angeyavumilia. Mtu mwenye majivuno huvumilia kuchekwa kuliko kusahauliwa. Lakini mwaka huu, mwezi wa tatu, siku za viazi kuchimbwa, alifika mwanamke kutoka chuo kikuu cha Valdivia, Antonia Weisser, mtaalamu wa viumbe vya bahari baridi mwenye shahada ya udaktari. Alikuja na mitungi sita ya hewa, kamera kubwa ndani ya kasha la kioo, na swali moja. Alisikia kwenye feri kwamba Aucalén kuna mtu aliyeona kiumbe wa mikono mingi kwenye maji ya mita kumi na nne. "Kiumbe kama huyo namjua," alisema. "Tunamwita nyota-kikapu. Lakini ninayemjua mimi anakaa kwenye vina virefu. Mita kumi na nne? Ningependa kumwona."

Ukumbini kwa chama wote wakamgeukia Chefo.

Ceferino Chiguay, ambaye hata mama yake alimwita Chefo, alikuwa mwenyekiti wa chama, mwenye mashua, na kaka wa Nolfa, mke wa Rosamel. Zamani na yeye alizamia, mpaka maji yalipomharibu magoti na sikio moja.

"Shemeji," alisema Chefo, "mwezi ujao tunataka kuufungua Mwamba wa Kati. Lazima mtu ashuke aniambie loko wamefikia wapi. Akisema wamekua, mashua sita zinatoka. Nimtume nani? Nimtume mlango?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nitume mimi," alisema Rosamel, na masikio yake yalikuwa yanawaka. "Nani mwingine anaujua mwamba ule?"

"Basi mwonyeshe daktari huyo mnyama wako. Ana siku mbili, keshokutwa jioni anaondoka. Akimwona, mpira ni wako kama zamani. Asipomwona, nampa yule mzamiaji kijana, mtoto wa Oyarzo, kutoka mji wa Quellón. Haongei hata neno. Nimempendea hilo tu."

"Na dada yako atamshikia mpira huyo bubu?"

"Muulize mwenyewe, yuko hapo."

Nolfa alikuwa karibu na jiko anakwangua viazi. Hakuinua kichwa. "Mimi nashika mpira wa mtu aliye kwenye ncha yake," alisema. "Msinitie kwenye mashindano yenu ya midomo."

Njiani kurudi nyumbani Rosamel alitembea hatua mia bila kusema, jambo lililomtia mkewe wasiwasi. Mwishowe aliuliza, "Wewe unaniamini?"

"Siku ile nilikuwa nimeshika mpira," alisema Nolfa. "Ulikaa dakika kumi hujasogea. Wewe! Hata ukilala hujawahi kutulia dakika kumi. Kitu uliona." Akahamisha ndoo mkono wa pili. "Ukubwa wake ndio sijui."

Asubuhi ya kwanza kulikucha kweupe, bahari imelala, milima ya bara imesimama na theluji yake kama imeoshwa. "Siku nzuri," walisema wote. Antonia alimfundisha Rosamel mtungi kwenye maji ya kina cha kifua, karibu na gati. Haikuchukua muda. Kilichomshinda si kupumua. Kilichomshinda ni ukimya. Miaka ishirini na mbili alikuwa ameshuka na mngurumo wa kompresa kichwani na mkono wa mkewe kwenye kamba ya kiuno. Mvuto mmoja: uko salama? Miwili: panda. Sasa mgongoni alikuwa na chuma, na juu hakuna aliyemshika.

"Hapana," alisema Nolfa walipofika baharini. "Kwenye mashua hii hakuna mtu anayeshuka bila kushikwa."

"Dada, mtungi hauhitaji," alisema Antonia kwa upole.

"Mtungi hauhitaji. Mimi nahitaji."

Chefo akacheka kwenye usukani. "Daktari, usibishane na dada yangu. Mimi nimejaribu miaka hamsini." Basi Rosamel akafungwa kamba nyembamba kiunoni, na Nolfa akakaa nayo kwenye ukingo, ameridhika.

Ni Rosamel aliyeelekeza mashua. Mwamba wa Kati ni mrefu kama barabara ya kijiji, na mnyama alikuwa pembeni yake, kwenye jino la jiwe lililosimama peke yake, ambalo halionekani kwenye ramani yoyote. Jino hilo alilijua yeye tu. Kila mzamiaji wa Aucalén ana sehemu zake, anazipata kwa kupanga vitu vya pwani kimoja mbele ya kingine mpaka mistari miwili ikutane, na alama hizo hamwambii mtu, si kaka, si mke. Mzee akifa nazo, zimekufa. Rosamel alisimama mbele, akakunja macho, akanyoosha mkono kushoto, kulia, kushoto kidogo, mpaka akapaza sauti: "Hapa! Tupa nanga!"

Walishuka. Baridi ilimpiga kwenye meno na kwenye paji la uso, kama kawaida yake. Mita kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Mchanga. Samaki mmoja bapa aliinuka, akatimua vumbi, akalala tena. Kaa mmoja alinyanyua magando yake, akawatazama. Walizunguka mpaka sindano ya kipimo cha hewa iliposhuka, na hawakukuta jiwe lenye ukubwa hata wa kichwa. Mchana walishuka tena na mitungi ya pili. Mchanga ule ule, na pengine kaa yule yule.

"Haya," alisema Chefo walipopanda. "Umemwona kanisa?"

"Wanyama huhama," alisema Antonia, akiwa anatafuta neno la kumsitiri mwenzake.

"Mwamba hauhami, daktari!" Rosamel alivua kofia yake ya mpira akaitupa chini. "Nimekwambia kuna jino. Jino haliogelei!"

"Njia ya mwongo fupi, shemeji," alisema Chefo, na safari hii hakucheka. Hilo ndilo lililomuuma Rosamel. Mzaha wa shemeji ni chumvi. Lakini Chefo alikuwa amesema kama mtu anayefunga kitabu.

Jioni, mezani, mkate wa viazi ulipoa mbele yake. Nolfa alimmiminia supu, akangoja, akamwondolea supu.

"Ulipangaje?" aliuliza.

"Nilipanga nini?"

"Alama zako. Niambie."

Rosamel alimtazama kama aliyeambiwa avue nguo kanisani. "Hizo hazisemwi."

"Keshokutwa hutakuwa na mashua ya kukufikisha kwenye alama hizo. Unamfichia nani? Kaa?"

Aliumega mkate wa viazi, asiule. Moto ulikohoa jikoni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, akitazama meza: "Mnara wa kanisa juu ya kibanda cha boti. Hiyo ya kwanza. Ya pili, paa la nyumba ya Mzee Abelino chini ya mwanya wa kilima."

"Nyumba ya Mzee Abelino."

"Ile ya njano."

"Iko wapi?"

"Nolfa, unajua iko wapi."

"Mimi najua iko wapi. Nakuuliza ilikuwa wapi."

Akafungua mdomo kujibu, na mdomo ukabaki wazi.

Mke wake alianza kutikisika mabega kabla sauti haijatoka. "Jozi nane za ng'ombe," alisema akicheka mpaka anashika meza. "Watu sitini! Bahari ilikuwa inaila ncha ya ardhi, mzee akaomba tumvutie nyumba yake ya mbao. Tuliivuta nzima juu ya magogo, mapazia yako dirishani, paka yuko ndani! Na nani alikuwa kwenye kamba ya mbele, anapiga kelele kuliko ng'ombe? Nani alikula nyama sahani tatu akacheza mpaka asubuhi?"

"Mimi," alisema Rosamel.

"Alama yako mwenyewe! Umeivuta kwa bega lako mwenyewe hatua mia mbili, halafu umesahau kwamba imesogea, ukalitafuta jino mchangani!"

Ndivyo ilivyokuwa. Alimwona mnyama majira ya vuli. Nyumba ilihamishwa majira ya vuli yaliyofuata. Mwamba ulikuwa umefungwa, hakurudi tena. Na nyumba ile, ikiwa imekaa mahali pake papya karibu na shule na moshi wake na rangi yake ya njano, ilionekana kutoka baharini kama iliyozaliwa pale. Rosamel alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuona jambo la kuchekesha akaliacha lipite, na yeye akaanza kucheka, na wakacheka wote wawili mpaka jirani akagonga ukuta.

"Nini kimebaki pale ilipokuwa?" aliuliza Nolfa akijifuta macho.

"Miti ya tufaha. Mitatu."

"Basi panga kwa tufaha."

Lakini usiku mvua ilianza, na asubuhi ilikuwa bado inapiga paa kama inadai kitu. Mto ulikuwa umeshuka na udongo wa milimani, na bahari mbele ya Aucalén ilikuwa ya rangi ya chai iliyochemshwa sana. Antonia alisimama gatini, kofia ya koti imemfunika macho.

"Samahani, Rosamel. Kwa maji haya hatutaona hata vidole vyetu. Ningekuwa na siku ya tatu ningengoja yatulie."

"Siku ile ilikuwa hivi hivi," alisema Rosamel.

"Siku gani?"

"Siku niliyomwona. Mvua ya siku tatu. Maji ya juu yalikuwa meusi, na chini yake giza, kama saa ya kuwasha taa. Nilikaribia kupanda nirudi."

Antonia aliinua kofia yake. "Hukuniambia hivyo."

"Hukuniuliza. Wote mnauliza mnyama mkubwa kiasi gani. Hakuna anayeuliza mvua."

Uso wa yule mwanamke ukabadilika polepole. "Huyu hapendi mwanga," alisema. "Mchana hujikunja akawa donge. Hufunguka gizani. Kama mto ukiziba mwanga juu..." Hakumaliza. Alikuwa ameshaanza kubeba mitungi.

Chefo aliwapeleka bila mzaha wowote. Rosamel alipanga mnara juu ya kibanda, akapanga mwanya wa kilima juu ya miti mitatu ya tufaha iliyosimama peke yake kwenye ncha, haina nyumba wala mtu wa kuichuma. Nanga ikashuka, ikagonga jiwe. Sauti hiyo ilipanda kwenye kamba mpaka kwenye viganja vya Nolfa, na Nolfa akainua nyusi.

Mita tatu za mwanzo zilikuwa chai. Rosamel hakuona mkono wake. Kisha wakapita mahali maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari, pale ambapo kila kitu kinatetemeka kama mafuta kwenye sufuria, na chini yake maji yalikuwa safi kabisa, na giza. Giza tulivu, la kijani. Hakuna kompresa. Pumzi yake tu, kuvuta na kutoa, na mapovu yakipanda kwenda kwenye dari la kahawia. Akafikiri: miaka ishirini na mbili nimefanya kazi ndani ya nyumba hii, na leo ndiyo mara ya kwanza naisikia.

Jino lilisimama mbele yao, limevaa anemoni weupe, wale wanyama wanaofanana na maua, toka shina mpaka ncha. Juu ya ncha hiyo kulikuwa na kitu.

Antonia aliwasha tochi. Kwa pumzi moja walimwona mzima, kisha akaanza kujikunja, mikono elfu ikirudi ndani, taratibu, kama mtu anayekunja kitambaa cha meza. Rosamel hakufikiri. Alinyoosha mkono akafunika tochi ya daktari wa chuo kikuu kwa kiganja chake. Giza likarudi. Alimwonyesha kwa kidole: ngoja.

Wakangoja. Yeye, Rosamel Quinchén, aliyeshindwa kungoja viazi viive, alipiga magoti mchangani akangoja. Antonia alivisha tochi yake kioo chekundu, mwanga ukawa hafifu kama kaa la jiko linalozimika. Na kidogo kidogo mnyama akafunguka. Mkono ukatoka, ukagawanyika miwili, na miwili ikawa minne, na minne ikaendelea mpaka jicho likachoka kuhesabu, yote ya rangi ya nyama ya tunda la pichi lililoiva. Ncha zake zilicheza kwenye mkondo. Kila mara ncha moja ilijipinda ghafla, imekamata kitu kisichoonekana, ikakipeleka katikati kwa utaratibu wa bibi anayefuma.

Kamera ilifanya kazi yake. Rosamel akafanya ya kwake. Alisogea, akaweka kiwiko chake kando ya jiwe bila kugusa, akapima. Kiwiko mpaka ncha ya kidole: dhiraa moja, na nusu juu yake. Akapima tena. Alirudia mara ya tatu, akitaka mkono wake uwe umekosea. Haukukosea. Mnyama alikuwa mzuri kuliko alivyowahi kumsimulia, naye alikuwa mdogo.

Kabla ya kupanda alizunguka shina la jino upande wa chini, akahesabu loko kwa kidole, kama alivyofundishwa.

Mvua ilikuwa bado inanyesha walipotoa vichwa. Nolfa alimvuta kwa kamba, kisha kwa mkono. Antonia alikuwa anacheka na kulia na midomo yake ilikuwa ya buluu. Alikuwa ameshainua kamera kumwonyesha Chefo.

"Daktari, subiri kidogo," alisema Rosamel. "Kwanza neno langu. Picha yako baadaye."

Alikaa kwenye ubao, mtungi bado mgongoni. Chefo aliacha usukani, akageuza lile sikio lake zima.

"Yupo," alisema Rosamel. "Mikono inazaa mikono, kama nilivyosema. Hana kichwa, kama nilivyosema." Akameza mate yenye chumvi. Maneno yaliyobaki yalikuwa mazito kuliko mtungi. "Lakini si mlango wa kanisa. Nimempima. Ncha hadi ncha ni dhiraa moja na nusu, tena labda pungufu. Ni sinia, shemeji. Sinia la mkate."

Akalegeza mkanda wa mtungi.

"Na hakunishika mguu. Hilo niliongeza mimi."

Mvua iligonga kifuniko cha injini. Chefo alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu, kama anavyotazama mawingu kabla ya kuamua kutoka.

"Miaka mitatu umebeba mlango huo," alisema.

"Mzito," alisema Rosamel.

"Picha hutaki kuiona, mwenyekiti?" aliuliza Antonia.

"Nitaiona, daktari, nyumbani, karibu na moto. Hapa itaniloea." Chefo hakuwa amemwondolea Rosamel macho. "Na loko?"

"Kumi na mmoja, upande wa chini wa jino. Hawajafika kipimo."

"Wadogo kiasi gani?"

Rosamel alitenganisha kidole gumba na cha shahada. Akatazama nafasi iliyokuwa katikati, akaipunguza kidogo. "Hivi."

"Na upande wa juu?"

"Sikufika. Upande wa juu sijui."

Nolfa, aliyekuwa anakunja kamba, alisimamisha mkono. Tangu waoane hakuwa amemsikia mumewe akisema neno "sijui" mashuani.

Chefo alichukua redio, akamwita katibu wa chama pwani. "Andika," alisema. "Mwamba wa Kati haufunguliwi mwezi ujao. Loko bado. Tuwape mwaka."

Redio ilikwaruza. "Mwaka mzima? Watu watapiga kelele, mwenyekiti. Umewaona mwenyewe?"

"Mimi nimeona wapi, na magoti haya?" alisema Chefo. "Mzamiaji wangu kashuka, kaniambia. Andika."